Baada ya Salamu Nyingi

Maalim Jamaldin hakuwahi kuipa faili jina hata siku moja. Kompyuta ndiyo iliyozipa majina. Kila alipomaliza barua na kubonyeza pa kuhifadhi, mashine ilichukua maneno ya mwanzo ya barua yenyewe ikayapendekeza yawe jina lake, naye hakuona sababu ya kukataa pendekezo lililotolewa kwa upole kiasi hicho.

Taabu ni kwamba mtu wa Mji wa Kale haanzi barua kwa shida yake. Awe anaomba kazi bandarini, anajibu posa, au anamlalamikia jirani kwa sababu ya paka, kwanza ataamkua. Hivyo basi, baada ya miaka kumi na minane ya kuwaandikia watu barua katika chumba kimoja kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, Maalim alikuwa na barua elfu nne mia moja na kumi na nane, na zote, zikitofautiana kwa nambari tu mwishoni, ziliitwa "Baada ya salamu nyingi".

Umaalimu wenyewe alipewa na mtaa. Hakuwahi kufundisha darasa lolote. Alirudi kutoka chuo kikuu Nairobi na digrii ya fasihi na miwani, na vitu viwili hivyo vilitosha. Alikusudia kuandika riwaya. Akaandika kurasa kumi na moja, akazisoma, akaona haya, akafungua kibanda cha barua ili apate riziki mpaka haya imtoke. Sasa alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja na bado haijamtoka. Kila barua aliisoma mara tatu kabla ya kumkabidhi mteja, kisha akauliza, "Waonaje, si imekuwa ndefu?" Mteja akisema imekuwa nzuri, alishuku kuwa anaonewa huruma.

Barua moja tu hakuwahi kuitilia shaka. Ni ile aliyomwandikia Mzee Akil miaka tisa iliyopita, ya kuijibu posa ya mjukuu wake mkubwa, Lamis. Alijua kuwa ilisomwa Bondeni mbele ya wazee wa pande mbili, na kwamba tangu siku ile Mzee Akil akikutana naye njiani humshika mkono kwa mikono yote miwili na kusema, "Barua ile, Maalim! Barua ile!" Zaidi ya hapo hakuuliza, kwa kuogopa kuiharibu sifa kwa kuichokonoa. Siku ambazo nafsi ilimsuta kwamba amepoteza maisha, aliikumbuka barua ya Lamis, akanyoosha mgongo.

Jumamosi moja, saa nne ya asubuhi, aliingia Afaf, mdogo wake Lamis, buibui limempanda upande mmoja kwa kukimbia.

"Salaam aleikum, Ami Jamal."

"Aleikum salaam, mwanangu. Mbona wahema?"

"Babu hatii sahihi. Ameletewa barua mbili za kuijibu posa yangu, zote amezirudisha. Ataka ile ya Dada Lamis."

Maalim alihisi joto la kupendeza likimpanda shingoni. "Mfano wa ile?"

"Ile yenyewe, neno kwa neno. Asema ile ina baraka: Dada ana watoto wanne, na tangu aolewe hajarudi nyumbani kununa hata mara moja. Karatasi ilipotea Dada na mumewe walipohama nyumba kule Maskati. Kwako imo, Ami?"

"Imo, bila shaka imo," alisema Maalim, akiitazama kompyuta kwa jicho la mtu asiye na uhakika. "Yatakiwa lini?"

"Leo. Baada ya alasiri wazee waenda kuisoma kwa kina Zaid. Jumatatu Zaid apanda ndege kwenda kupanda meli yake, na akienda ni miezi tisa. Babu asema barua isipopatikana yeye atangoja. Yeye aweza kungoja, Ami. Lakini mamake Zaid ana mpwa wake Malindi, na ampenda sana mpwa wake." Alivuta buibui likae sawa. "Mimi narudi nikamzuie Babu asivue shati la kutokea. Nitafutie, Ami yangu."

Alipoondoka, Maalim alifungua folda. Baada ya salamu nyingi. Baada ya salamu nyingi 2. Baada ya salamu nyingi 3. Alifungua ya kwanza: maombi ya leseni ya kuuza viazi karai. Ya pili: mtu wa Tudor akimwomba radhi mkwewe. Alipiga hesabu kwamba, kwa mwendo huo, angeipata barua ya Lamis wakati Zaid akiwa njiani kurudi.

Alikuwa katika ya thelathini na tisa Ndinda alipopiga hodi. Ndinda alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika ofisi moja ya mambo ya meli, mwanamke mwenyeji wa Machakos anayeishi Tudor. Kila Jumamosi alipita kuiangalia kompyuta ya Maalim, ambayo mwezi uliopita iliingiwa na virusi akaifufua kwa mfumo mwingine kabisa. Naye Maalim humrekebishia risala za kwaya ya kanisa lake. Kwa hesabu yao hakuna aliyemzidi mwenzake.

"Zipange kwa tarehe," alisema Ndinda alipoelezwa.

"Zote zina tarehe moja. Ni siku ile uliyozihamisha."

Ndinda alikohoa kidogo, kama mtu aliyetajiwa jambo la zamani. Akavuta kiti. "Basi kuna kitu kingine. Ngoja tufungue skrini nyeusi."

Maalim hakuipenda skrini nyeusi. Ile ya kawaida ilikuwa na picha na vitufe, mtu akapotea kwa raha. Hii ilikuwa giza tupu na kialama kimoja kinachopepesa, kama mwalimu anayengoja jibu.

"Hiki hutafuta kwa kukisia," Ndinda alieleza. "Huhitaji kukumbuka jina lote. Unakipa herufi, na kila unapoongeza herufi orodha inapungua, mpaka ubaki na unachotaka."

"Chaitwaje?"

"Fzf."

"Hakina irabu?"

"Hakina, Maalim."

"Basi mtu akitaka kukiita?"

"Hakiitwi. Kinaandikwa."

Maalim alivuta kibodi, akanyoosha vidole, akaandika: *Tafadhali naomba barua ya majibu ya posa ya Bi. Lamis.* Kwenye kona ya skrini ilitokea 0/4118.

"Kimekataa," alisema kwa huzuni.

"Hakijakataa. Umekizidishia maneno. Hiki hakisalimiwi, Maalim, wala hakibembelezwi. Kipe herufi tatu, nne. Tena si lazima zifuatane. Bora zije kwa mpangilio, hata kama katikati pana herufi nyingine, kitakuelewa."

Jambo hilo lilimgusa Maalim mahali asipopatarajia. Maisha yake yote alikuwa amezungukwa na watu na ofisi zilizotaka jina kamili, nambari kamili, jibu kamili. Kumbe kuna kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu anayekumbuka nusu! Alifuta ombi lake, akaandika herufi mbili kwa woga: *sl*.

4118/4118.

Ndinda aliinama karibu na skrini. Alishuka kwa mshale wa kibodi, akashuka tena, akashuka tena. "Maalim, mbona faili zote zina jina moja?"

"Ni barua za heshima."

Ndinda alimtazama kama mtu aliyepewa habari ya msiba anayetafuta neno la kumfariji mfiwa. Kisha akakunja mikono ya blauzi. "Basi tutatafuta ndani ya barua zenyewe. Nitazigeuza, kila barua iwe mstari mmoja mrefu, halafu uandike neno lolote unalolikumbuka."

Aliandika amri ndefu isiyo na hata neno moja la adabu. Wakanywa kahawa ya tangawizi. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikawa tayari. Maalim akaandika *lamis*, akafumba macho, akafumbua. 4007/4118.

"Akina Lamis elfu nne!"

"Hapana, ni kule kukisia. Barua ikiwa ndefu, mahali fulani patakuwa na l, mbele yake a, mbele zaidi m. Hata ile ya viazi karai ina herufi za Lamis ukizitafuta vizuri. Weka hii alama ndogo ya nukuu mwanzoni, kitaacha kukisia, kitataka neno zima."

Alama ikawekwa. Zikabaki tatu: Lamis aliyeomba kitambulisho, Lamis aliyeomba nafasi ya shule, na Lamis mwingine kabisa wa Liwatoni aliyegombana na mwenye nyumba.

Maalim alijipiga paji la uso. "Sahau hilo. Kwa Mzee Akil binti hatajwi jina kwenye barua ya posa."

Ndinda aligeuka mzima. "Mnamwoza mtu bila kumtaja?"

"Kumtaja kwenye karatasi itakayosomwa mbele ya wanaume hamsini? Haiwi. Aitwa 'binti yetu'. Na katika barua ile," Maalim alishusha sauti, kwani sasa alikuwa amefika patakatifu pake, "nilimwita 'aliyehifadhiwa mithili ya lulu ndani ya kombe lake'. Nakumbuka nilivyoandika. Machozi yalinitoka."

"Basi andika lulu."

Aliandika lulu. Alitarajia moja. Kwa unyenyekevu, labda mbili, kwa kuwa kuna siku mtu hujirudia bila kujua. Kona ya skrini ikasema 212/4118.

"Kitakuwa kinakisia," alisema haraka.

"Hapana. Alama umeweka."

Upande wa pili wa skrini kulikuwa na kidirisha kinachoonyesha kila barua anayoigusa, na Ndinda, ambaye hakuwa na nia mbaya, alianza kusoma kwa sauti. Griffins wa reli alikuwa ameomba likizo yake ya mwaka, "ambayo nimeihifadhi mithili ya lulu ndani ya kombe lake". Bi. Nekesa alikuwa amesifiwa kwa mwajiri mpya kuwa ni mpishi aliye mithili ya lulu. Mkopeshaji viti vya harusi alikuwa amevitaka virudishwe kama lulu. Palikuwa na talaka moja. Palikuwa na kurasa kumi na moja za riwaya, na lulu ilikuwa katika sentensi ya pili.

"'Mtaro wetu,'" aliendelea Ndinda, "'tulioutunza mithili ya lulu ndani ya kombe lake, sasa umeziba.' Maalim, huu ni mtaro wa maji machafu?"

"Ulikuwa mtaro mzuri," alisema Maalim kwa sauti ndogo.

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Watu mia mbili na kumi na wawili walikuwa wametoka kwa mlango ule, kila mmoja akiamini amebeba sentensi iliyotungwa kwa ajili yake. Na mtu wa kwanza kuamini hivyo alikuwa mwandishi mwenyewe. Kwa miaka yote alikuwa na hofu kwamba hana kipaji. Hakuwahi kufikiria kwamba huenda anacho, ila ni kimoja tu.

"Usinyong'onyee," alisema Ndinda. "Hata mimi amri zangu ni zile zile kila siku. Hebu tuzipunguze. Hizi za mtaro ni nyingi mno."

"Hizo ni za masika. Kila mvua ikinyesha mtaa mzima huja kulalamika."

"Weka alama ya mshangao kabla ya neno mtaro. Kila barua yenye mtaro itaondoka. Halafu uongeze binti."

Maalim akafanya hivyo. Zikabaki thelathini na nane, idadi ambayo mtu aweza kuisoma. Akazisoma moja baada ya nyingine huku Ndinda akihesabu: posa, jibu la posa, mwaliko, binti wa shule, binti aliyekosa pasipoti. Adhana ya adhuhuri ilipita. Walizimaliza zote thelathini na nane. Ya Lamis haikuwemo. Wakaanza upya kutoka chini kwenda juu, nayo ikaendelea kutokuwemo.

Saa nane na nusu Maalim alianza kushuku kuwa hakuiandika. Inawezekana, alijiambia, kwamba barua ile iliandikwa na mtu mwingine, naye akaizoea sifa yake hivi hivi mpaka akakumbuka machozi ambayo hayakumtoka. Simu ikalia. Ilikuwa Afaf, akinong'ona.

"Ami, Babu ameshavaa kanzu. Asema aja mwenyewe."

Mzee Akil aliingia kwa bakora, miaka yake themanini na mbili imenyooka kama rula, Afaf nyuma yake uso umemsawijika. Aliamkua, akauliza hali ya Maalim, ya dada zake Maalim, ya mgongo wa Maalim. Akamwamkua Ndinda, akauliza hali ya watu wa Machakos kwa jumla. Ndipo akaketi.

"Ehe. Mwaitafuta vipi?"

"Kwa neno lulu, Mzee," alisema Maalim. "Na haionekani."

"Lulu!" Mzee alipunga mkono kama afukuzaye nzi. "Lulu kila mtu anayo. Marehemu mke wangu aliitwa lulu, na wewe hujazaliwa. Tafuta mtaro."

Ndinda aliiangalia alama ya mshangao kwenye skrini.

"Mtaro, Mzee?"

"Mtaro! Mahali pale pasemapo," na Mzee Akil akainua kidole, akakariri kwa sauti ya mimbari: "'Kwa hivyo twaomba hatua za haraka zichukuliwe kabla mtaro haujafurika na kuwadhuru majirani.' Allah! Siku ile ilikuwa yanyesha, na sisi wazee wazima tumeuruka mtaro wa Bondeni mlangoni pao, kanzu mikononi. Tumeketi, wao wamenuna, sisi tumenuna, kila upande wataka siku yake ya harusi. Nikafika hapo kwenye mtaro. Majlisi nzima ikaanguka kwa kicheko! Bibi yake bwana harusi alikuwa nyuma ya pazia, akapiga kelele, 'Hawa ndio watu wa kuoana nao, waozeni upesi kabla maji hayajatufika!' Siku ikapangwa papo hapo. Na hawa wa kina Zaid wamekwisha niuliza mara mbili kama mtaro utakuwamo."

Maalim Jamaldin aliyaona yote kwa mara moja. Aliiona asubuhi ile ya masika, malalamiko ya mtaro tangu alfajiri, kisha Mzee Akil akitaka jibu la posa kwa haraka. Akajiona akifungua barua ya mtaro ili aandike juu yake, akifuta mwanzo, akifuta katikati, akitokwa na machozi kwenye lulu, na mwisho asiufute. Barua moja tu maishani ambayo hakuitilia shaka, na ndiyo hiyo.

Alirudi kwenye kibodi. Akaondoa alama ya mshangao, akaweka ile ndogo ya nukuu mahali pake. Orodha ikajikunja. 1/4118.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza Afaf.

"Ndiyo hii."

Printa ilitema karatasi. Maalim aliishika, lakini hakuitoa. "Mzee, yapasa nikwambie ukweli. Maneno yale ya mtaro sikuyakusudia. Ni masalio ya barua nyingine. Nilisahau kuyafuta. Ukitaka, kwa dakika mbili naweza..."

"Hebu lete karatasi."

"Lakini Mzee, ni kosa."

"Maalim." Mzee Akil alimtazama kwa upole wa mtu aliyengoja miaka tisa kuulizwa. "Barua ya mtaro wa kichochoro hiki, aliyetia sahihi asubuhi ile ni nani? Mimi. Nilikuwa nimeisoma kabla ya chai. Jioni nikiwa mbele za watu, naona maneno yangu ya mtaro yaja mbio. Nikasema moyoni, nikiyaruka, karatasi itaonekana imekatika, na Maalim atapata aibu. Basi nikayasoma kwa sauti zaidi."

"Kwa hivyo ulijua?"

"Nilijua ni kosa mpaka walipocheka. Walipocheka halikuwa kosa tena. Kalamu iko wapi?"

Akatia sahihi. Afaf alimbusu babu yake kichwani, akambusu na Ndinda, ambaye hakutarajia, akatoka mbio bila kuaga, jambo ambalo Mzee Akil aliliombea radhi kwa dakika tatu.

Baada ya alasiri, kwa kina Zaid, nao wa Bondeni, palikuwa pakavu, na mtaroni mliruka vumbi tu. Maalim alisimama karibu na mlango ili akimbie ikibidi. Barua ilisomwa. Penye lulu, wazee walitikisa vichwa kwa adabu. Penye mtaro, kabla msomaji hajamaliza, kicheko kilianzia kwa vijana, kikapanda kwa wazee, kikavuka pazia. Na vigelegele vya kwanza, walisema baadaye waliokuwa ndani, vilitoka kwa mamake Zaid, ambaye siku hiyo Malindi hakuitaja kabisa. Zaid alipanda ndege Jumatatu akiwa mchumba wa mtu.

Jumatatu hiyo hiyo alikuja Kaingu, mvuvi wa Liwatoni, akitaka barua ya kuwaomba wakubwa wa chama chao chumba cha barafu, maana samaki wake wanaharibika. Maalim aliandika salamu. Akaeleza shida. Alipofika kwenye samaki wenyewe, vidole vyake, kwa mazoea, vilielekea kwenye herufi l. Akavizuia.

"Kaingu, samaki wako waweza kuwalinganisha na nini?"

Kaingu alifikiri sana. "Na samaki," alisema.

Maalim aliandika hivyo. Akaisoma mara tatu, hakuona pa kugusa. Akabonyeza pa kuhifadhi, na mashine, kwa upole wake wa siku zote, ikampendekezea jina. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akalifuta, akaandika *samaki*, na papo hapo akaanza kuwa na wasiwasi kama si fupi mno.